Mikono Mingi, Kioo Kimoja: Je, Kila Kazi Hugawanyika?

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo mwanafunzi akizisoma kwa pupa hudhani zagombana. Ya kwanza yasema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili yasema: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa kweli hazigombani hata kidogo. Ya kwanza yahusu kazi inayogawanyika, na ya pili yahusu kazi isiyogawanyika. Hekima imo katika kuzitofautisha kazi hizo mbili kabla ya kuwaita watu.

Sayansi ya kompyuta imekuwa ikihangaika na jambo hilohilo kwa zaidi ya nusu karne. Katika makala haya napenda tulitazame kwa kutumia chombo ambacho kila mtu aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta amekitumia, nacho ni programu ya kuhariria maandishi. Ndani ya programu hiyo imo sehemu moja isiyosifiwa na mtu, ambayo kazi yake ni kuchora herufi kwenye kioo cha kompyuta, yaani skrini, na kuzichora upya kila zinapobadilika. Hapa nitaiita mchoraji. Wako wataalamu wanaotaka mchoraji huyu aundwe upya ili kazi yake ifanywe na mikono mingi kwa wakati mmoja. Maoni yangu ni kwamba wana haki ya kutaka hivyo, ila wengi wao huanzia pasipofaa. Tena nashikilia kwamba mjadala huu wawahusu wanafunzi wa sekondari wa Tanzania, pamoja na wale wa kata ya Machochwe katika Wilaya ya Serengeti, kuliko wanavyodhani wao wenyewe na walimu wao.

Kazi ya mchoraji

Msomaji asidhani kwamba herufi anazoziona kwenye kioo ndizo maandishi yenyewe. Maandishi yenyewe hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta kama mfuatano mrefu wa namba, na kila namba husimamia herufi moja au alama moja. Kinachoonekana kwenye kioo ni picha tu ya kipande kidogo cha mfuatano huo. Mtu akibonyeza kitufe, mfuatano hubadilika kwanza, kisha mchoraji huamshwa alinganishe picha na mabadiliko hayo.

Programu iitwayo Emacs, iliyoanzishwa mwaka 1976 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts huko Marekani, yatufaa kama mfano, kwa kuwa toleo lake la GNU, ambalo Richard Stallman alianza kulitoa kwa umma mwaka 1985, ni programu huria. Maana yake ni kwamba mtu yeyote ana ruhusa ya kuyasoma maagizo yake ya ndani, kuyabadili, na kuwapa wengine. Mchoraji wa Emacs hutunza majedwali mawili. La kwanza ni jedwali la yaliyopo: kila mstari na kila herufi inayoonekana sasa kwenye kioo. La pili ni jedwali la yanayotakiwa: namna kioo kinavyopaswa kuonekana baada ya mabadiliko. Mchoraji huyalinganisha mstari kwa mstari, kisha hupeleka kwenye kioo zile tofauti peke yake.

Kwa nini asichore kioo kizima kila mara? Jibu limo katika hesabu rahisi. Vioo vya wakati ule vilikuwa na mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, yaani nafasi 1,920 kwa jumla. Aghalabu kioo kiliunganishwa na kompyuta iliyokuwa mbali kwa waya wa simu uliopitisha biti 300 kwa sekunde. Kila herufi ilihitaji biti 10 pamoja na alama za kuanza na kumaliza, hivyo waya ulipitisha herufi 30 kwa sekunde. Gawanya 1,920 kwa 30, upate 64. Kuchora kioo kizima kulichukua zaidi ya dakika moja! Hata waya ulipofikia biti 1,200 kwa sekunde, mtu alingoja sekunde 16. Mchoraji bahili ndiye pekee aliyefaa.

Mwaka 1981 James Gosling, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kuibuni lugha ya programu iitwayo Java, alichapisha makala kuhusu njia ya kuupata ubahili huo kwa hesabu kamili: kutafuta, kati ya njia zote za kukigeuza kioo cha zamani kiwe kipya, ile yenye gharama ndogo kuliko zote. Tuchukue mfano mdogo. Kwenye kioo pana mistari minne: Mahindi, Mtama, Ulezi, Muhogo. Mtu anaongeza neno Maharage juu kabisa. Mchoraji mjinga ataona kwamba kila mstari umebadilika, naye ataandika upya mistari mitano, jumla ya herufi 31. Mchoraji wa Gosling atatoa amri moja ya kusukuma mistari chini, kisha ataandika herufi 8 tu za neno Maharage. Matokeo ni yaleyale, na kazi ni kama robo.

Hoja ya wanaotaka mikono mingi

Siku hizi waya si tatizo tena. Hata hivyo mchoraji amelimbikiziwa kazi nyingine nyingi. Herufi haziko tena katika nafasi 80 zilizo sawa, kwani zina upana na urefu mbalimbali. Maneno hupakwa rangi kulingana na maana yake. Picha huchanganywa na maandishi. Mchoraji wa Emacs aliandikwa upya kwa sababu hiyo, na toleo la 21 la mwaka 2001 ndilo lililomleta mchoraji mpya, kazi ya Gerd Möllmann. Kisha toleo la 24 la mwaka 2012 likaleta uwezo wa kuonyesha hati ziendazo kutoka kulia kwenda kushoto pamoja na zile ziendazo kutoka kushoto. Jambo hilo si geni kwetu, maana tenzi za kale za pwani ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na mhariri anayetaka kuziweka tenzi hizo pamoja na maelezo yake ya Kiswahili cha leo huhitaji mistari miwili inayotembea kwa kupishana katika ukurasa mmoja.

Wakati huohuo kompyuta zimebadilika umbo. Zamani prosesa ilikuwa na kiini kimoja cha kufanyia kazi. Leo hata kompyuta ya bei nafuu ina viini viwili au vinne, na kubwa zina zaidi. Mchoraji wa Emacs, hata hivyo, hutumia kiini kimoja tu. Toleo la 26 la mwaka 2018 lilileta nyuzi za kazi, lakini kwa sharti kwamba uzi mmoja hufanya kazi wakati nyingine zimengoja.

Basi hoja ya watetezi wa mikono mingi yaeleweka, nami naiheshimu. Wanauliza: Yawaje kiini kimoja kitoke jasho huku vingine vitatu vimelala? Kioo kina mistari mingi. Tukigawe katika sehemu nne, kila kiini kichore sehemu yake, na kazi itakwisha katika robo ya muda. Hoja hii yavutia kama ilivyo kwa kila hoja inayoanza na mgawanyo wa haki. Lakini yategemea dhana tatu, na zote tatu zina ufa.

Ng'ombe bomani

Dhana ya kwanza ni kwamba maandishi yatatulia wakati yanapochorwa. Tuwaze boma lenye ng'ombe mia moja jioni, kama yalivyo maboma mengi ya Mara. Baba anataka kujua kama wote wamerudi. Anaweza kumsimamisha kijana mmoja mlangoni ahesabu kila ng'ombe anapoingia. Hiyo ni njia ya polepole lakini ya hakika. Au anaweza kuwatuma vijana wanne ndani ya boma, kila mmoja apewe pembe yake. Kwa macho hiyo ni kazi ya robo ya muda. Lakini ng'ombe hawasimami. Ng'ombe mwekundu aliyehesabiwa katika pembe ya kwanza huvuka akahesabiwa tena katika ya pili, na ndama aliyekuwa katika ya tatu hupita nyuma ya mhesabu asionekane na mtu. Vijana wote ni waaminifu, kila mmoja amehesabu sawasawa, na jumla bado ni uongo.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mchoraji mwenye mikono mingi. Wakati kiini cha kwanza kinachora juu, mwandishi anafuta sentensi. Kiini cha nne kinachochora chini kinaona maandishi mapya, na cha kwanza kimeona ya zamani. Kioo kitaonyesha ukurasa ambao haukupata kuwapo hata nukta moja: nusu wa jana, nusu wa leo.

Watafiti wa wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo ni jirani ya Machochwe, walikutana na tatizo hili zamani. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kwa macho kutoka katika ndege ndogo. Watafiti waliofuata wakatumia zaidi picha zilizopigwa kutoka angani. Faida ya picha ni wazi. Nyumbu aliye kwenye picha hawezi kuhama. Picha moja unaweza kuigawa vipande vinne na kuwapa watu wanne waihesabu kwa wakati mmoja, chumbani, bila hofu yoyote. Kilichowezesha mikono mingi kufanya kazi hapa ni kugandishwa kwa kile kinachohesabiwa.

Dhana ya pili ni kwamba kila sehemu ya kioo yajitegemea. Sivyo. Mchoraji hawezi kujua mstari wa ishirini uanzie neno gani mpaka ajue mstari wa kumi na tisa uliishia wapi. Lugha yetu ina maneno marefu. Neno kama "watakapowasilishiana" lisipoenea mwishoni mwa mstari huanguka zima kwenye mstari ufuatao, na mistari yote iliyo chini yake katika aya hiyo husogea. Tena, huwezi kukata maandishi mahali popote upendapo. Lugha ya Kikuria, isemwayo Tarime, Serengeti na upande wa pili wa mpaka nchini Kenya, ina irabu saba, na toni ina kazi katika sarufi yake. Mtaalamu wa isimu anayeiandika akiweka alama ya toni juu ya irabu, mara nyingi kompyuta hutunza irabu namba moja na alama namba nyingine. Mkato ukipita katikati yao, kiini kimoja kitachora irabu isiyo na toni, na kingine kitachora toni isiyo na irabu.

Dhana ya tatu ni kwamba muda wote unaotumika ni wa kuchora. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alionyesha kosa lililomo katika dhana ya namna hii, na hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya. Tuseme kazi nzima yachukua nukta 10, ambapo 4 ni za kazi isiyogawanyika na 6 ni za kazi inayogawanyika. Ukileta mikono minne, zile 6 zinakuwa moja na nusu, lakini zile 4 zinabaki 4. Jumla ni 5.5. Umelipa mikono minne, nawe hukupata kasi hata mara mbili. Ukileta mikono milioni moja, bado hutashuka chini ya 4. Kasi haitazidi mara mbili na nusu. Kabla ya kuongeza mikono, yafaa kwanza kuipunguza ile sehemu isiyogawanyika.

Tena tusisahau kazi ya kila siku ni ipi. Mtu anapoandika barua, kila anapobonyeza kitufe hubadilika mstari mmoja tu. Hapo hakuna cha kugawa. Anachotaka mwandishi ni kuiona herufi yake papo hapo, na kumpigia kelele kila kiini kiamke kwa ajili ya herufi moja kwaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuichora herufi yenyewe.

Funzo kutoka kwa waliotangulia

Jambo hili limejaribiwa, hatubahatishi. Kuanzia mwaka 2016 Raph Levien na wenzake walijenga kihariri kilichoitwa xi, ambacho kilitenganisha kabisa sehemu inayotunza maandishi na sehemu inayochora kioo, zikawa programu mbili zinazotumiana ujumbe bila kungojana. Palikuwa na akili nyingi katika kazi hiyo. Lakini mwaka 2020 Levien mwenyewe aliandika tathmini ya wazi, akasema kwamba kutenganisha namna hiyo hakukuwa uamuzi mzuri: mambo madogo kama kusogeza ukurasa na kupanga mistari yaligeuka kuwa magumu, kwa sababu kila upande ulikuwa na habari tofauti na za mwenzake. Tathmini hiyo ni sayansi ya kweli, na wanasayansi wetu wangefanya vema kuiga ujasiri wa kuichapisha.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Kwa miaka mingi Emacs ilikuwa ikikwama ilipofungua faili lenye mstari mmoja mrefu mno, wa maelfu kwa maelfu ya herufi. Tatizo hilo lilishughulikiwa katika toleo la 29 la mwaka 2023. Je, lilitatuliwa kwa kuongeza viini? La hasha. Mchoraji alifunzwa asiutazame mstari mzima, bali kipande kilicho karibu na mahali panapoonekana. Kazi ambayo haikufanywa kabisa iliwahi kuisha kuliko ile ambayo ingefanywa na viini vinne.

Njia ninayoipendelea

Pamoja na hayo yote, sisemi viini vilale. Nasema tufuate utaratibu wa mpiga picha wa nyumbu.

Kwanza, maandishi yagandishwe. Kabla ya kuanza kuchora, programu ichukue nakala tuli ya maandishi, isiyoweza kubadilishwa na yeyote, na kuipa namba ya toleo. Mwandishi aendelee kuandika katika maandishi hai. Wachoraji watazame nakala tuli peke yake. Msomaji ataniuliza: Je, kunakili kitabu kizima kwa kila herufi si ufujaji? Ungekuwa ufujaji kama tungenakili chote. Lakini tukiyapanga maandishi kama mti, gharama ni ndogo mno. Chukua maandishi ya herufi 1,000,000, yagawe katika majani 1,000 yenye herufi 1,000 kila moja. Mti wenye matawi mawiliwili utafika kwenye majani hayo kwa ngazi 10 tu, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024. Jani moja likibadilika, twanakili jani hilo na vifundo 10 vya njia iendayo kwenye shina. Majani 999 yaliyobaki ni mali ya nakala zote mbili. Muundo wa jamaa hii ulielezwa na Boehm, Atkinson na Plass mwaka 1995, nao wafaa kwa kompyuta ndogo kama kwa kubwa.

Pili, kazi igawanywe mahali penye mishono yake. Kioo kikiwa na madirisha matatu yanayoonyesha maandishi matatu, kila dirisha lipewe kiini chake, maana dirisha halimngoji mwenzake. Kupaka maneno rangi, kufungua picha, na kuchagua maumbo ya herufi kufanywe pembeni. Lakini aya moja ibaki kwa mchoraji mmoja.

Tatu, mlango wa kioo uwe mmoja. Wachoraji wote walete kazi zao kwa mpokeaji mmoja, naye aonyeshe tu picha ambayo sehemu zake zote zina namba moja ya toleo. Picha ya zamani ikifika baada ya mpya, itupwe. Vioo vingi vya leo hujichora upya mara 60 kwa sekunde, hivyo kila picha ina milisekunde zipatazo 17 za kutayarishwa. Sehemu moja ikichelewa, mpokeaji ana mambo mawili ya kuchagua: kungoja, au kuonyesha vipande visivyolingana. Mimi nachagua kungoja, isipokuwa kwa mstari ule mtu anaouandika, ambao lazima upite mbele ya foleni. Rangi ya neno yaweza kuchelewa; herufi ya mwandishi haiwezi.

Kikwazo kikubwa si cha hesabu bali cha urithi. Emacs humruhusu mtumiaji kuandika programu zake mwenyewe, na baadhi ya programu hizo hukimbia katikati ya kuchora, zikiwa na ruhusa ya kubadili chochote. Ni sawa na ng'ombe anayeruhusiwa kumhamisha mhesabu. Kuzizuia ghafula kutavunja kazi za watu za miaka arobaini. Kwa hiyo nashauri zihamishwe polepole, zikimbie kabla ya kugandishwa kwa maandishi, na zile zisizohamishika zipewe njia ya zamani ya kiini kimoja mpaka wenyewe wazibadilishe. Wanaotaka kubomoa yote na kujenga upya kwa pigo moja nawaomba waitafakari tena tathmini ya xi.

Yahusu nini Machochwe?

Naweza kuulizwa, tena kwa haki, mwanafunzi wa Machochwe ana nini na mchoraji wa programu ya Wamarekani. Naomba nijibu kwa historia yetu.

Mwaka 1965 Serikali ya Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha. Mambo ya hesabu yaliyotarajiwa kurahisishwa yalikumbwa na matatizo makubwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku, mpaka masharti hayo yalipolegezwa miaka mingi baadaye. Wengi hucheka wanaposikia habari hiyo. Mimi sicheki. Taifa lisilo na watu wanaoujua undani wa mashine lina maamuzi mawili tu mbele yake: kuinunua au kuikataa. Hakuna la tatu. Kuitengeneza, kuibadili, kuipunguzia kazi isiyo ya lazima, hayo ni maamuzi ya wale wanaojua kilichomo ndani. Mwaka 1965 tulinunua. Mwaka 1974 tulikataa. Na yote mawili tuliyafanya tukiwa nje ya mlango.

Leo marufuku hayapo, lakini mlango ni uleule. Kompyuta iliyotumika ofisini miaka kumi ikaletwa shuleni, ikionekana nzito, husemwa kwamba imezeeka na inunuliwe nyingine. Huenda ni kweli. Huenda pia programu inafanya kazi mara nne kuliko inavyohitajika, na mashine haina kosa lolote. Ni nani shuleni awezaye kutofautisha? Somo la kompyuta likiwa ni kujifunza kubonyeza vitufe na kutaja majina ya vifaa, jibu ni kwamba hayupo, wala hatakuwapo. Shule maskini ndiyo inayoumia zaidi kwa ujinga huu, kwa kuwa ndiyo isiyoweza kununua njia ya kuukwepa.

Wala uwezo hatuukosi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu zilikuwa huria. Lakini tulitafsiri maneno ya juu ya vitufe. Kilicho chini ya vitufe tuliwaachia wengine. Hatua ya pili inatungoja, na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 inatupa nafasi ya kuichukua, ikiwa walimu watataka.

Kwa walimu

Mwalimu asiseme hana vifaa. Somo hili lahitaji ubao na chaki. Andika ubaoni mistari mitano. Mpe mwanafunzi mmoja karatasi yenye mistari hiyo ikiwa imebadilishwa kidogo, kisha umwambie aurekebishe ubao kwa kufuta na kuandika herufi chache iwezekanavyo. Darasa lihesabu herufi. Mwingine ajaribu kushinda idadi hiyo. Baadaye waite wanafunzi wanne, kila mmoja na robo yake ya ubao, na wakati wakiandika, mwanafunzi wa tano aibadilishe karatasi wanayonakili. Vurugu itakayotokea itawafundisha zaidi ya mihadhara yangu mitatu. Mwishowe warudie zoezi hilo karatasi ikiwa imegandishwa na kupewa namba, na mlinzi mmoja akiamua ubao uonyeshwe lini. Mwalimu wa hisabati achukue hapo hesabu ya Amdahl, na yule wa baiolojia achukue kuhesabu nyumbu.

Shule yenye kompyuta iende mbele zaidi. Wanafunzi wapime kwa saa muda wa kufungua faili fupi na faili refu, lenye rangi na lisilo na rangi, dirisha moja na manne, na kuandika matokeo katika jedwali kama wafanyavyo katika maabara ya fizikia. Wakikuta mashine yao yachelewa, wasiseme imezeeka mpaka waonyeshe ni kazi gani inayoichelewesha. Mwanafunzi akiizoea tabia hiyo ya kupima kabla ya kulaumu, atakuwa na haki ya kuketi katika kikao chochote kitakachoamua mashine ipi inunuliwe na ipi iachwe.